GARI LIKILIA NJIANI: MLIO WATOKA WAPI?



Somo letu la safari hii si la mti wa karafuu wala la jamvi. Ni somo la gari, na khasa ule mlio mwembamba wa kuvuma unaosikika gari likiwa katika mwendo, ambao wengine husema "gari linaimba" na wengine "gari linalia". Labda wako watakaouliza: chama cha wakulima wa karafuu na mlio wa gari wapi na wapi? Jawabu ni kwamba karafuu haina miguu. Huchumwa mabondeni na vilimani, ikachambuliwa makonyo, ikaanikwa, ikatiwa guniani, na mwisho wake lazima ipande gari kwenda kituoni. Na wachumaji nao asubuhi hupanda gari lilo hilo. Kwa hivyo gari bovu katika msimu ni hasara ya mkulima kama ilivyo mvua juu ya jamvi.

Nasi hatulisemi jambo hili kwa kulisoma tu. Limetufika wenyewe, na twaona si haki kuwaficha wanachama, kwani gari tutakalolitaja humu ni gari la chama, na fedha zilizopotea ni fedha zenu.

YALIYOTUFIKA

Pikapu ya chama ilianza kulia katikati ya msimu. Ulikuwa mlio mdogo, kama wa nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa. Gari likisimama, kimya. Likifika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, nyuki huamka. Gari likizidi mwendo, naye huzidi sauti. Dereva wetu alitueleza siku ile ile ya kwanza. Nasi, kwa kuwa magunia yalikuwa yakingoja barazani na hesabu za wachumaji hazijafungwa, tulimpa jawabu la aibu: tulimwambia afungue redio.

Wiki ya pili mlio ukaishinda redio. Tukalipeleka gari gereji moja, na huko, bila ya mtu yeyote kulipanda na kulisikiliza likienda, tukaambiwa kuwa ni mkanda wa feni. Tukanunua mkanda. Mlio ukabaki. Tukaambiwa ni tairi za mbele. Tukanunua tairi mbili. Mlio ukapungua siku mbili, au labda sisi tulitamani tu upungue, kisha ukarudi vile vile. Hapo tukachoka, tukasema, "Basi, ndiyo sauti yake."

Jioni moja gari lilikuwa likiteremka kutoka shamba, lina magunia ya karafuu mbichi na wachumaji sita juu yake. Dereva alipokanyaga breki kabla ya kona, pedali ikazama zaidi ya desturi. Akaikanyaga mara ya pili, ikashika. Akateremka pole pole kwa gia ndogo, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa barabara. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa la moto hata haliwezi kuwekwa mkono, na lilipotikiswa likacheza kama jino la mtoto. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Wachumaji walirudi makwao kwa miguu. Karafuu zililala ndani ya magunia usiku kucha, na kila mkulima ajua jinsi karafuu mbichi iliyolala guniani inavyopata moto, ikachachuka na kupoteza rangi.

Mwenye karafuu hizo ni mama mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi. Tulipokwenda kumtaka radhi alisema neno moja tu: "Mwanangu, mlio ule nalikuwa nikiusikia tangu wiki iliyopita, kila gari likipita kwangu. Nilidhani nyinyi mwaujua."

Neno hilo ndilo lililotutia kalamu mkononi.

MLIO HUFUATA BWANA WAKE

Fundi mzee aliyelitengeneza gari baadaye alimwita dereva kando, akamwuliza maswali matatu. Gari likisimama na injini inawaka, ukikanyaga mafuta, lalia? Likiwa mwendoni ukiondoa gia, mlio wakoma? Ukikata kona, wazidi au wapungua? Dereva akayajibu yote papo hapo, kwani alikuwa akiyajua tangu mwanzo, illa hapana aliyemwuliza. Fundi akatugeukia sisi, akasema, "Maalim, maswali haya hayana bei. Lau mngaliyauliza wiki ya kwanza, msingalinunua mkanda."

Basi asili ya elimu hii ni ndogo, na kila mtu aweza kuishika. Mlio wa kuvuma hutoka penye kitu kinachozunguka. Kitu hicho kikizunguka kasi zaidi, mlio hupanda. Kikipunguza, mlio hushuka. Katika gari, viko vitu vinavyozunguka kwa kufuata injini, na viko vinavyozunguka kwa kufuata magurudumu. Tena viko ambavyo hulia pale tu vinapotwishwa kazi, kama vile kukanyagwa mafuta au kukatwa sukani. Kwa hivyo usianze kwa kuuliza, "Ni kitu gani kimeharibika?" Anza kwa kuuliza, "Mlio huu wamfuata nani?" Ukimjua bwana wake, umekwisha kupunguza nyumba za kubisha hodi kutoka kumi hadi mbili au tatu.

SWALI LA KWANZA: WAFUATA INJINI?

Simamisha gari mahali pa sawa, funga breki ya mkono, weka nyutro, uache injini ikiwaka. Kanyaga mafuta kidogo kidogo. Ikiwa mlio wasikika na gari limesimama, na ukapanda pamoja na injini, basi magurudumu, tairi na difu hazimo katika kesi hii. Tafuta chini ya boneti.

Mshitakiwa wa kwanza huwa ni mkanda. Mkanda uliolegea au kuchakaa hupiga ukelele, khasa asubuhi injini inapowashwa, au siku ya mvua, au taa zote zinapowashwa pamoja, kwa sababu alteneta huwa nzito kuzungusha na mkanda huteleza. Yako majaribio mepesi: injini ikiwaka, nyunyiza maji kidogo juu ya upande wa ndani wa mkanda, ukiwa umesimama mbali nao. Ukelele ukizidi, aghalabu mkanda umelegea. Ukikoma kwa kitambo kisha ukarudi, aghalabu puli moja haikukaa sawa na wenzake, au mkanda wenyewe umechakaa. Usipake sabuni wala grisi ili kuunyamazisha. Huko ni kumziba mdomo shahidi, na mkanda utateleza vibaya zaidi.

Wa pili ni beringi za vitu vinavyozungushwa na mkanda huo: alteneta, pampu ya maji, na puli ya kukazia mkanda. Hizi huvuma au kukwaruza badala ya kupiga ukelele. Mafundi huzisikiliza kwa bisibisi ndefu: ncha huwekwa juu ya bodi ya alteneta, mpini huwekwa karibu na sikio, na sauti hupanda kama katika kipimo cha daktari. Palipo na ubovu pana kelele kuliko kwengine. Njia nyengine ni kuzima injini, kuutoa mkanda, na kuizungusha kila puli kwa mkono. Iliyo nzima huzunguka laini na kimya. Iliyokufa hukwaruza kama ina mchanga, au hucheza. Pampu ya maji ikiwa na alama ya maji yaliyovuja chini yake, usingoje, kwa sababu ikifa njiani injini nayo itachemka.

Wa tatu ni pampu ya sukani, kwa magari yanayotumia mafuta ya sukani. Alama yake ni kwamba mlio huzidi ukikata sukani, na huwa mkubwa kabisa sukani ikifika mwisho. Tazama kikopo cha mafuta yake. Yakiwa chini ya alama, ongeza yale yale yaliyoandikwa katika kitabu cha gari au juu ya kifuniko, kisha utafute yanavujia wapi, kwani mafuta hayo hayaliwi na injini. Yakiwa na povu, hewa inaingia, aghalabu kwa mpira au klipu iliyolegea. Lakini magari mengi ya siku hizi yana sukani ya umeme, nayo haina mafuta wala kikopo. Usipoteze asubuhi kukitafuta.

Hapa twataka kusema neno la tahadhari. Mikono ya kanzu, ncha za kitambaa cha kichwa, shuka, na tasbihi ya mkononi, vyote viwe mbali na mkanda unaozunguka. Na feni ya umeme yaweza kuanza yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, maadam ina joto. Vidole havina duka la vipuri.

SWALI LA PILI: WAFUATA MAGURUDUMU?

Ikiwa gari limesimama na mlio hakuna, basi yataka kulipanda. Chagua barabara iliyonyooka, ya sawa, na isiyo na watu. Nenda kilomita 50 au 60 kwa saa mpaka mlio usikike vizuri. Kisha ondoa mguu katika mafuta, weka nyutro, uache gari liserereke kidogo. Injini itashuka sauti. Mlio nao ukishuka mara moja pamoja na injini, ni wa injini au wa giaboksi. Lakini ukibaki pale pale na kushuka pole pole kadiri gari linavyopunguza mwendo, basi ni wa magurudumu, tairi, au difu.

Jaribio hili lina masharti matatu. Lisifanywe kwenye mteremko kabisa. Injini isizimwe, kwa sababu ikizimwa breki huwa nzito na sukani yaweza kujifunga. Na kwa gari la otomatiki, mkono usipitilize ukaingia gia ya kurudi nyuma.

Sasa yabaki kutenga tairi na beringi, na hapa ndipo tulipopotea sisi. Tairi hubadilisha sauti barabara inapobadilika. Juu ya lami mpya laini hulia namna moja, juu ya lami ya zamani yenye kokoto namna nyengine, na juu ya udongo hunyamaza kabisa au hugeuka. Pitisha kiganja juu ya tairi, kwanza kwenda mbele, kisha kurudi nyuma. Ukihisi meno upande mmoja kama ya msumeno, tairi imeliwa vibaya, na aghalabu magurudumu hayakupangwa sawa. Ukitaka yakini bila ya kununua kitu, hamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, kisha panda tena. Mlio ukihama, ni tairi. Usipohama, tairi hazina kosa. Kazi hiyo ni ya nusu saa na jeki moja. Sisi hatukuifanya, tukanunua tairi mbili.

Beringi haijali lami. Hulia juu ya barabara yoyote, lakini hujali kona. Gari likikata kulia, uzito huegemea upande wa kushoto. Likikata kushoto, uzito huenda kulia. Basi mahali penye nafasi na usalama, ukiwa na mwendo wa wastani, yumbisha gari polepole kulia na kushoto. Mlio ukizidi unapokata kulia, aghalabu beringi mbovu ni ya kushoto. Ukizidi unapokata kushoto, mtazame wa kulia. Dereva wetu alikuwa akisema toka wiki ya kwanza kwamba gari "lanung'unika kwenye kona za kulia". Ilikuwa ndiyo jawabu kamili, nasi tulidhani ni porojo.

KULITAZAMA GURUDUMU

Ukishakuwa na shaka na gurudumu fulani, fanya hivi.

Kwanza, baada ya safari ya dakika kumi na tano bila ya breki nyingi, simama na upeleke kiganja karibu na kati ya kila gurudumu, usiliguse kwa pupa. Linganisha la kulia na la kushoto. Lenye joto kupita mwenzake lina jambo. Laweza kuwa beringi, laweza kuwa breki iliyoganda. Breki huongeza harufu ya kuungua, na gari huwa zito kwenda.

Pili, zuia magurudumu mengine kwa kabari, nyanyua gari kwa jeki, na uliweke juu ya kigogo imara au stendi. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Shika tairi kwa juu na kwa chini, usukume na kuvuta. Likicheza, mwenzako akanyage breki, kisha utikise tena. Mchezo ukitoweka breki ikikanyagwa, aghalabu ni beringi. Ukibaki, tazama viungo vya sukani na vya chini.

Tatu, lizungushe kwa mkono, na mkono wa pili uuweke juu ya springi iliyo karibu. Beringi iliyokufa husikika kwa kiganja kabla ya kusikika kwa sikio: kama mtu asagaye mchele.

Kuna beringi za namna mbili. Ziko za kufunguka, zilizo katika pikapu nyingi za zamani na malori. Hizi husafishwa kwa mafuta ya taa, zikakaushwa, zikakaguliwa, zikashindiliwa grisi mpya ya beringi za magurudumu, na nati yake ikakazwa kwa kipimo: isilegee na isibane. Ikiwa kuna kishimo, mkwaruzo, au rangi ya buluu ya kuungua, grisi haitaiponya. Ibadilishwe pamoja na bakuli lake. Na ziko zilizozibwa kiwandani, zilizo katika magari mengi madogo ya siku hizi. Hizo hazitiwi grisi. Zikilia, dawa yake ni mpya, tena iingizwe kwa mashine ya kukandamiza. Ikipigwa nyundo itaanza kufa siku hiyo hiyo.

Na wakati wa kubadilisha, badilisha pia sili yake. Gari letu liliuliwa na maji. Lilipita madimbwi ya bondeni msimu mzima, sili ilikuwa imechanika, maji yakaingia na grisi ikatoka. Na ile pedali iliyozama, fundi alitueleza sababu yake: gurudumu lilipoanza kucheza, diski ya breki nayo ilicheza, ikazisukuma pedi nyuma. Kwa hivyo mguu wa kwanza wa dereva ulikwenda kuzirudisha pedi mahali pake, na mguu wa pili ndio uliosimamisha gari. Wanachama, penye mteremko na watu sita nyuma, mguu wa pili si jambo la kutegemea.

SWALI LA TATU: WAFUATA KAZI?

Iko milio inayokuja na kwenda kwa kadiri gari linavyotwishwa.

Ukikanyaga mafuta huvuma, ukiachia hunyamaza, au kinyume chake, na sauti yatoka nyuma chini ya sakafu: shuku difu. Kwanza tazama oili yake. Gari likiwa mahali pa sawa, fungua bolti ya kujazia. Oili yapasa kufika ukingoni mwa tundu. Ikiwa imepungua, jaza ile iliyotajwa katika kitabu cha gari, na utazame sili inayovuja. Ikiwa imetoka na chembe za chuma zinazong'aa, meno au beringi za ndani zinalika, na kuongeza oili ni kuahirisha tu. Kazi ya kupanga meno ya difu si ya chini ya mwembe. Apewe fundi mwenye vipimo.

Mlio ukiwapo katika gia moja na kutoweka katika nyengine, ni giaboksi, nayo pia ianzwe kwa kutazama oili. Gia ya kurudi nyuma kulia kidogo ni tabia yake katika magari mengi, kwa sababu meno yake yamekatwa moja kwa moja; usiifungulie kesi.

Kwa klachi, sikiliza gari likiwa limesimama, katika nyutro. Mlio ukianza unapokanyaga klachi, ni beringi ya klachi. Ukiwapo mguu ukiwa nje na ukakoma unapokanyaga, aghalabu ni beringi ya shafti inayoingia katika giaboksi.

Magari mengi madogo ya otomatiki yatokayo Japani yana giaboksi inayofanya kazi kwa mkanda wa chuma, isiyo na gia za kuhesabu. Uvumi kidogo ni kawaida yake. Ukizidi, tazamisha mafuta yake, na uangalie sana: yana aina yake mahsusi. Mafuta ya otomatiki ya kawaida huiharibu.

Mlio mwembamba kutoka upande wa tangi la petroli, khasa tangi likikaribia kwisha, ni pampu ya mafuta. Jaza tangi, tazama chujio. Na ukelele unaokuja ukikanyaga breki, au unaokoma ukikanyaga, tazama pedi siku hiyo hiyo. Baadhi ya pedi zina kipande cha chuma kilichotiwa makusudi kikwaruze diski ili kukuambia kwamba zimekwisha.

LIPI LANGOJA NA LIPI HALINGOJI

Si kila mlio ni wa kusimamisha gari. Tairi iliyoliwa kidogo yaweza kungoja mpaka mwisho wa wiki. Mkanda unaolia asubuhi na kunyamaza waweza kufika kwa fundi pole pole, maadam haukuchanika. Mafuta ya sukani yaliyopungua ni ya kuongezwa leo.

Lakini haya hayangoji hata safari moja: gurudumu la moto, gurudumu linalocheza, breki inayohitaji kukanyagwa mara mbili, mlio ulioanza kama kuvuma ukageuka kusaga au kugonga, taa ya betri au ya joto iliyowaka pamoja na ukelele wa mkanda. Hapo gari husimama, mzigo hushushwa, na watu hutafutiwa gari jengine. Karafuu iliyoharibika ina bei. Mchumaji hana bei.

MAZOEZI

Wasomaji wetu vijana wajaribu haya kabla ya kutazama majibu.

1. Gari lavuma kwa kilomita 50. Ukiweka nyutro mlio haubadiliki. Ukikata kushoto wazidi. Barabara ya lami na ya udongo, sauti ni moja. Jibu: tazama kwanza beringi ya upande wa kulia.

2. Gari limesimama. Ukikata sukani, lalia. Ukiiachia, lanyamaza. Jibu: tazama mafuta ya sukani, kisha mkanda, kwani kukata sukani huutwisha mkanda pia.

3. Gari lavuma juu ya lami, likiingia njia ya shamba lanyamaza. Jibu: tairi. Pitisha kiganja, kisha zihamishe kabla ya kununua.

MAAMUZI YA KAMATI

Kamati imekaa na kuamua mambo manne. Mama mwenye karafuu zile amelipwa na chama tofauti ya bei, kwani kosa halikuwa lake. Ndani ya pikapu ya chama sasa kuna daftari. Dereva ataandika kila mlio mpya, siku, mwendo, na kama wafuata injini, magurudumu au kazi, na katibu atatia sahihi kila Ijumaa kwamba amesoma. Dereva akisema gari lisiende, haliendi, na hapana wa kumlazimisha, hata katibu. Na watu hawatapakiwa tena juu ya magunia.

Wenzetu wenye magari yao, twawaomba nanyi mfanye daftari kama hilo. Ni la bei ndogo kuliko mkanda mmoja usiohitajika. Na nyinyi msio na magari, ila mnakaa kandokando ya barabara na masikio yenu mazima, mkisikia gari la chama likipita na kulia, msidhani kuwa twajua. Tuambieni. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ufa wetu ulikuwa ukipita mbele ya mlango wa mama yule kila siku, akiusikia yeye na sisi tumefungua redio.

Katika toleo lijalo, inshallah, tutarudi jamvini.

Wabillahi tawfiq,
Katibu wa Chama